Sentimita Saba za Ziwa Viktoria

Mei 2020 Ziwa Viktoria lilifika kimo ambacho hakikuwahi kupimwa tangu watu waanze kuweka kumbukumbu zake pale Jinja mwishoni mwa karne ya 19. Rekodi ya Mei 1964, iliyodumu miaka 56, ikavukwa. Tangu vuli ya 2019 ianze hadi masika ya 2020 yakolee, maji yalikuwa yameongezeka zaidi ya mita moja, na kandokando ya ziwa zima yaliingia majumbani, mashambani na kwenye mialo bila kubisha hodi.

Miaka minne baadaye, Rosa Pietroiusti wa Vrije Universiteit Brussel, Ubelgiji, na wenzake walichapisha jibu la swali ambalo kila aliyekwenda kuwapa pole waathirika alikuwa ameshalijibu kwa mdomo: je, haya ndiyo mabadiliko ya tabianchi? Jibu lao lina namba mbili. Ya kwanza ni kwamba joto ambalo binadamu ameliongeza duniani liliongeza uwezekano wa ziwa kupanda kwa kasi ile takribani mara 1.8. Ya pili ni kwamba bila joto hilo, ziwa lingepanda vilevile, ila pungufu ya sentimita saba.

Mpelekee habari hiyo mtu aliyelala na maji kitandani, aone unamfanyia mzaha. Sentimita saba ni kimo cha kikombe cha kahawa. Hata hivyo sijaona namba nyingine inayoufaa zaidi mkoa wa Mara kuielewa, kwa sababu inasema mambo mawili ambayo kwa kawaida tunayasikia kwa vinywa tofauti: tabianchi imebadilika na mkono wake unapimika, na sehemu kubwa ya yaliyotupata mwaka ule haikutokana nayo.

Kwanza, namna hesabu yenyewe inavyofanywa, maana wengi hudhani wataalamu hukisia. Ziwa lina daftari la mapato na matumizi. Yanayoingia ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe na maji ya mito, Kagera ukiwa mkubwa kuliko yote. Wetu ni Mara, Grumeti na Mbalageti. Yanayotoka ni mvuke unaopaa na maji yanayokwenda Mto Nile kupitia Jinja. Watafiti waliandika daftari hilo kwenye kompyuta, wakalihakiki kwa vipimo vya miaka mingi, kisha wakachukua modeli za tabianchi na kulinganisha dunia mbili: hii yetu, ambayo hewa yake imepita chembe 420 za hewa ukaa kwa kila chembe milioni, na ile ya kabla ya viwanda, iliyokuwa na chembe 280 hivi. Katika kila dunia unauliza: mvua inayoweza kulipandisha ziwa kiasi kile kwa miezi sita inakuja mara ngapi? Tofauti ya majibu ndiyo mchango wa binadamu. Wenyewe wanakiri kwamba upana wa makosa katika hesabu ya mvua ni mkubwa, na hilo si la kuficha. Mvua ni ngumu kuiga kuliko joto.

Ukilitazama ziwa hili kwa umbo, ni sinia. Lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, ilhali kina chake cha wastani ni mita 40 tu. Asilimia 80 hivi ya maji yanayoingia ni mvua inayolidondokea moja kwa moja, si mito. Kwa hiyo anga likibadili mkono kidogo tu, ziwa linaonyesha. Na kwa eneo hilo, zile sentimita saba zinafanya mita za ujazo karibu bilioni 4.8, maji yanayozidi bwawa la Mtera likiwa limejaa. Kwenye ufukwe wa mawe mawe wa Musoma mjini hutaziona. Kwenye tambarare za Guta, au pale Mto Mara unapojimwaga kupitia kinamasi chake, ambako ardhi inapanda mita moja kwa kila mita mia, sentimita saba za kimo ni mita saba za shamba. Mita saba kwa urefu wa ufukwe wote si jambo la mzaha tena.

Basi mita nzima iliyobaki ilitoka wapi? Ilitoka Bahari ya Hindi. Mwishoni mwa 2019 upande wa magharibi wa bahari hiyo, huku kwetu, ulipata joto kuliko kawaida, na upande wa Sumatra ukapoa. Wataalamu huiita hali hiyo dipoli chanya, na ile ya 2019 ilikuwa miongoni mwa kali zaidi zilizowahi kupimwa. Bahari yenye joto hupandisha mvuke mwingi, pepo huuleta bara, na vuli inageuka gharika. Jambo hili ni la zamani. Lilitokea 1997, na kabla ya hapo lilitokea 1961, katika vuli ileile ambayo Tanganyika ilipata uhuru. Kuanzia mwaka huo hadi 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita mbili, wakati dunia ilikuwa haijapata joto tunalolizungumzia leo. Asili peke yake inaweza kutufanyia hivyo. Kinachowapa wanasayansi wasiwasi ni kwamba modeli nyingi zinaonyesha dipoli kali zikija mara nyingi zaidi kadiri bahari inavyopata joto, na kwamba kila nyuzi moja ya joto huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Mei 2024 ziwa lilipanda tena na kuipita rekodi ya 2020. Kutoka 1964 hadi 2020 tulisubiri miaka 56; kutoka 2020, miaka minne. Rekodi mbili hazitoshi kuthibitisha mwelekeo, lakini zinatosha kumfanya ofisa ardhi wa halmashauri afungue tena ramani zake.

Kuna mhusika mwingine ambaye huku Mara hatajwi kabisa: mlango wa Jinja. Tangu Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa 1954, maji ya ziwa hayatoki yanavyotaka yenyewe; yanatoka kwa makubaliano yanayosema kwamba ziwa likiwa na kimo fulani, kiasi fulani kiachiwe, sawasawa na mto ambavyo ungetiririka bila bwawa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, baada ya kituo cha pili cha umeme kujengwa pale, kulitoka maji kupita makubaliano. Ukame ukaongezea. Kufikia 2006 ziwa lilikuwa limeshuka kiasi ambacho hakikuonekana kwa miaka 80, na wachunguzi waliofanya hesabu walikadiria kwamba takribani nusu ya mshuko huo ilitokana na mitambo. Kwa maneno mengine, mwalo wa Bunda unaweza kukauka kwa sababu ya uamuzi uliofanywa Uganda, na kwenye mkutano wa kijiji tukaambiwa ni tabianchi. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Viktoria, yenye makao yake Kisumu, ipo kwa ajili ya mambo ya namna hiyo. Ningependa kumsikia mbunge mmoja wa Mara akiuliza bungeni kiasi cha maji kilichoachiwa Jinja mwezi uliopita. Ni swali la namba moja, na linajibika.

Sasa tutoke majini.

Mgeni akifika Musoma kwa mara ya kwanza hushangaa kuona ukingo wa ziwa kubwa kuliko yote Afrika una michongoma na nyasi kavu. Bukoba, ng'ambo ya pili, hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka. Musoma haifikishi hata nusu yake. Sababu iko usiku. Jua likizama, nchi kavu hupoa upesi, maji hubaki na joto. Upepo unatoka nchi kavu pande zote kuelekea ziwani, unakutana juu ya maji yenye joto, hewa inapaa, na mawingu ya radi yanajengeka. Lakini pepo za jumla katika ukanda huu zinavuma kutoka mashariki, kwa hiyo makutano hayo husukumwa upande wa magharibi, na mvua ya alfajiri huwa ya Bukoba na Visiwa vya Ssese. Mchana mambo hugeuka: upepo wa ziwa huingia nchi kavu na kupeleka mawingu kwenye milima ya Tarime na Kisii. Ukanda wa Musoma na Bunda uko katikati, unayaangalia mawingu ya jirani.

Ndiyo maana mama mmoja mwanika dagaa kwenye mwalo nje kidogo ya Musoma alinipa swali ambalo sijalipatia jibu la kumridhisha. Nilimuuliza kama husikiliza utabiri. "Nasikiliza sana, kaka," alisema, akigeuza dagaa kwa reki. "Lakini redio inasema Kanda ya Ziwa. Kanda ya Ziwa ni hapa, au ni Bukoba?" Dagaa wake walikuwa wamemwagwa mchangani tangu asubuhi. Wakikaukia juani siku nzima ni kitoweo cha kupeleka hata Kongo. Wakinyeshewa kabla hawajakauka wanabadilika rangi, wanavunjika, na mnunuzi wa chakula cha kuku ndiye anayebaki. Kati ya bei hizo mbili kuna ada ya shule ya mtoto, na kinachoamua ni wingu moja la saa tisa alasiri. Chanja za kuanikia juu, zenye turubai la kufunika, zinapunguza hasara hiyo, na bei yake si ya kutisha. Huo ndio uhimilivu wa tabianchi kwake, hata kama hakuna bango la mradi.

Waume na vijana wanaomletea hao dagaa wana tatizo kubwa zaidi. Uvuvi wa dagaa ni wa usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, kwa taa, yaani saa zilezile ambazo ziwa linapika radi. Mwaka 2016 Wim Thiery na wenzake walionyesha kwa modeli kwamba gesijoto zikiendelea kuongezeka kwa kiwango cha juu, mvua kali kabisa za juu ya ziwa zitaongezeka kwa kiasi cha mara mbili ya zile za nchi kavu inayolizunguka ifikapo mwisho wa karne. Habari njema ndani ya utafiti uleule ni kwamba dhoruba ya usiku hutoa ishara. Mchana uliotangulia, mawingu makubwa yakijengeka nchi kavu, uwezekano wa usiku mbaya ziwani unapanda. Saa chache za tahadhari zinapatikana. Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliendesha mradi wa HIGHWAY kati ya 2017 na 2020 hivi kwa ajili hiyo hasa, likishirikiana na mamlaka za hali ya hewa za nchi za ziwa hili, na rada ya Mwanza inaona mengi ya yanayotokea upande wetu. Namba za wavuvi wanaokufa kila mwaka zinazorudiwa magazetini, mara elfu moja, mara elfu tano, zina msingi mwembamba mno, sizitumii. Kila mwalo una watu wake wasiorudi, na kila kikundi cha usimamizi wa fukwe kinawajua kwa majina. Daftari la majina hayo likianza kutunzwa rasmi, mwalo kwa mwalo, ndipo tutajua kama tahadhari zinaokoa mtu.

Butiama si mbali sana na ziwa, lakini huko hadithi ni ya vuli na masika. Uzanaki ni nchi iliyoishi ikiihesabu mvua. Chifu Nyerere Burito alipopata mwana Aprili 1922, mvua zikinyesha, mtoto alipewa jina la Kambarage, mzimu unaohusishwa na mvua, na nchi nzima ikaja kumjua kwa jina la baba yake, Nyerere. Wakulima wa leo wa Butiama wanasikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, na malalamiko yao naweza kuyaandika kabla hawajayasema: walituambia mvua za juu ya wastani, hazikuja.

Tatizo hapo ni la utabiri kidogo na la usafirishaji wa utabiri zaidi. Mtabiri wa msimu huchukua vuli za miaka 30, akazipanga kutoka kavu hadi zenye mvua nyingi, akazigawa mafungu matatu ya kumikumi: chini ya wastani, wastani, juu ya wastani. Bila kujua lolote, kila fungu lina nafasi ya asilimia 33 hivi. Bahari ya Hindi ikiwa na dipoli chanya, mtabiri anaweza kuipa "juu ya wastani" asilimia 45, "wastani" 35, na "chini" 20. Huo ni utabiri mzuri sana kwa viwango vya sayansi hii. Ukifika redioni, asilimia zimeshatupwa njiani na kilichobaki ni sentensi moja: mvua zitakuwa juu ya wastani. Mkulima anaweka mahindi shamba zima. Vuli moja kati ya tano za namna hiyo bado itakuwa kavu, na hakuna aliyemwambia. Angeambiwa asilimia, angejua la kufanya. Mkulima wa Butiama hajaanza jana kugawa shamba, huku mahindi, huku mtama, na kipande cha mihogo ambacho hakiguswi mpaka njaa ibishe. Ugali wa udaga umevusha nyumba nyingi miaka ambayo mahindi yalikaukia shambani.

Na masika yana kitendawili chake. Tangu katikati ya miaka ya 1980 hadi miaka ya 2000, mvua za masika Afrika Mashariki zilipungua, huku modeli nyingi za dunia zikisema zitaongezeka. Kisha zikaja 2018, 2020 na 2024 zikiwa na mafuriko. Wanasayansi hawajamaliza ubishi huo. Kwa mtunga sera maana yake ni moja: usijenge mpango wa Bunda kwa kudhani mvua zitapungua, wala kwa kudhani zitaongezeka. Lambo linalochimbwa leo liwe na mlango wa kutoa maji ya gharika na kina cha kustahimili kiangazi. Joto ndilo ambalo halina ubishi. Linapanda, na kwa kupanda kwake linakausha udongo hata mvua ikibaki ileile.

Kabla ya sera, nirudi kidogo kwenye yale yasiyotokana na tabianchi peke yake, kwa sababu Mara ina mfano mashuhuri. Machi 2022 maji ya Mto Mara karibu na daraja la Kirumi yaligeuka meusi na samaki wakaelea wamekufa. Watu walinyoosha kidole kwenye mgodi wa dhahabu ulioko juu ya mto. Kamati iliyoundwa na Waziri wa Mazingira wa wakati huo, Selemani Jafo, ilirudi na jibu kwamba oksijeni ilikwisha majini kwa sababu ya wingi wa vitu vinavyooza, kinyesi na mkojo wa ng'ombe vikiwemo. Nchi nzima ilicheka. Mimi sikuwa na vipimo vyangu pale, kwa hiyo sitaamua kesi. Ninachoweza kusema ni kwamba jambo lenyewe halichekeshi kisayansi. Juu zaidi ya mto huohuo, upande wa Kenya, Christopher Dutton, Amanda Subalusky na wenzao walionyesha mwaka 2018 jinsi kinyesi cha viboko kinavyolundikana kwenye mabwawa ya mto wakati wa kiangazi, mvua kubwa ikija ikakizoa kwa mkupuo, oksijeni ikaporomoka na samaki wakafa kwa wingi. Kiangazi kirefu kinachofuatwa na mvua ya ghafla, ndiyo aina ya msimu tunayoonywa itaongezeka. Tabianchi hapo ndiyo inayoamua siku, lakini mzigo unaolundikwa mtoni ni wetu: mifugo kinamasini, misitu iliyofyekwa Mau, dawa na mbolea. Ukiita yote hayo tabianchi, umewasamehe wote wanaohusika.

Ni hapo sayansi ya sentimita saba inapokutana na fedha.

Tanzania ina karatasi za kutosha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ilishaitaja tabianchi. Ukaja mpango wa kuhimili wa 2007, mkakati wa 2012, na mkakati mpya wa 2021 hadi 2026. Mwaka 2021 nchi iliahidi chini ya Mkataba wa Paris kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ikilinganishwa na njia ambayo ingefuata bila hatua yoyote, na ikaweka gharama ya dola bilioni 19.2 hivi. Ahadi hiyo inatoka kwa nchi ambayo mtu wake wa kawaida hutoa karibu robo tani ya hewa ukaa kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Mmarekani hutoa zaidi ya mara 50 ya hiyo. Sioni ubaya wa kuahidi. Naona ubaya wa muda wa maofisa wetu kuishia kwenye upunguzaji, ambao sehemu yetu ni ndogo, wakati Mara inadaiwa kuhimili.

Kuhimili kwa Mara kuna sura mbili ambazo ukiziweka pamoja unajifunza kitu. Ya kwanza ni mradi wa Bunda. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lilipata ithibati ya kuomba fedha moja kwa moja kutoka Adaptation Fund, mfuko uliozaliwa na Itifaki ya Kyoto na ambao mwanzoni ulichota asilimia 2 ya hati za biashara ya kaboni. Kwa ithibati hiyo likaomba, likapewa dola milioni 1.4 hivi kwa ajili ya vijiji vya Wilaya ya Bunda, kwenye maji, kilimo, uvuvi na mazingira. Fedha si nyingi, lakini njia ndiyo yenye thamani: hakuna shirika la kimataifa katikati linalokata kipande chake, na watu wetu wamejifunza kuandika ombi linalokubalika.

Ya pili haina neno tabianchi kwenye jina lake. Ni bomba la Mugango, Kiabakari hadi Butiama, la kupeleka maji ya ziwa bara, kwa takribani shilingi bilioni 70, fedha za Serikali pamoja na mikopo ya benki ya maendeleo ya nchi za Kiarabu, BADEA, na Mfuko wa Maendeleo wa Saudia. Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi Februari 2022. Kijiji chenye bomba la kudumu hakitegemei kisima cha msimu. Mvua ikichelewa wiki sita, mama hatembei usiku kutafuta maji. Kwa hesabu yangu hakuna mradi wa tabianchi mkoani uliowahi kuifikia kazi hiyo. Tofauti ni kwamba wa kwanza ni ruzuku na wa pili ni deni, na deni hilo litalipwa na nchi ya robo tani.

Kwa nini bomba halikuombewa ruzuku ya tabianchi? Mifuko hii hutaka uonyeshe kwamba tatizo unaloomba kulitatua limeletwa au kuongezwa na tabianchi, si umaskini wa kawaida. Unaambiwa: leta ushahidi. Na ushahidi ndio zile sentimita saba. Ni namba zinazotoka kwenye vipimo virefu visivyokatika, vya kimo cha ziwa, vya mvua, vya mto. Vipimo hivyo vilipokosekana, watafiti wa Brussels walitumia satelaiti. Sisi wa Mara tulikuwa wasomaji. Mfuko wa hasara na uharibifu uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 utakuja na maswali yaleyale. Kipimo cha mvua kwenye shule ya kata Kibara, kinachosomwa kila siku saa tatu asubuhi na mwalimu anayelipwa posho yake kwa wakati, kitaiingizia halmashauri fedha kuliko warsha kumi za uelewa. Posho hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa bajeti ikibana.

Bado kuna kazi ambayo haihitaji mfadhili. Kifungu cha 57 cha sheria ile ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kila anayejenga ufukweni Musoma anazijua mita hizo, na mabishano ya kila siku na maofisa ni wapi zianze. Kati ya kimo cha chini cha 2006 na cha juu cha 2020 kuna karibu mita tatu. Kwenye ufukwe unaopanda mita moja kwa kila mita 20, na Makoko hadi Bunda kuna fukwe nyingi za hivyo au tambarare zaidi, mita tatu za kimo ni mita 60 za ardhi. Yaani aliyepimiwa kwa uaminifu kabisa mwaka 2006, akaweka msingi wake mahali sheria iliporuhusu, 2020 alikuwa na ziwa mlangoni. Hakuvunja sheria yoyote. Ukingo ulihama.

Dawa yake ni kuacha kuupima ukingo kwa macho siku mpimaji alipofika, na kuupima kwa kimo: mstari wa maji ya Mei 2024, uliowekewa mawe ya alama kutoka Musoma hadi Kisorya, kisha mita 60 zihesabiwe kuanzia hapo. Kazi hiyo inahitaji mashine ya kupimia kimo, lori la saruji na watu wawili wanaojua kusoma namba, na inafaa ifanyike ziwa likiwa limeshuka, kabla viwanja vilivyoibuka havijaanza kuuzwa tena.